Maua Yapakiwe Kwanza

Gulab alikuwa na njia rahisi ya kunifunga mdomo. Aliingia chumbani, basi.

Akishakohoa mlangoni kile kikohozi cha wanaume wakubwa, mavyaa wangu aliinuka pale alipokaa akanishushia ushungi usoni mpaka kidevuni. Ndivyo ilivyo kwetu: mke hamwonyeshi uso kaka mkubwa wa mumewe. Mwanamke mwenye mikono hujifunika mwenyewe, kisha akaendelea na yake chini ya kitambaa, akajibu kwa mnong'ono, akacheka, akasonya akitaka. Mimi mikono ninayo lakini haisikii amri yangu, na ulimi vilevile. Nimebakiwa na macho. Mashine inayonisemea husoma macho. Haisomi kitambaa.

Jina lake nalo sikupaswa kulitaja. Mke hataji jina la mumewe wala la kaka mkubwa wa mumewe. Inasemekana ukilitaja unampunguzia maisha. Wengine wamepata shemeji wenye majina mepesi, hayagusi kitu. Wangu anaitwa Gulab, na gulab kwa lugha yetu ni waridi, nasi ni walima waridi. Fikiria nyumba nje kidogo ya Pushkar ambamo waridi limeanikwa juu ya paa, limelowekwa kwenye mitungi, limepondwa na sukari, linanuka mpaka kwenye mito ya kulalia, na mkaza mwana hana ruhusa ya kusema waridi. Tulisema "ua la miiba." Hata zile tamutamu za gulab jamun, ukienda dukani, unasema "nipe yale ya mviringo."

Wanawake wa mtaani walikuwa wakinitania kisimani enzi nilipokuwa na miguu.

"Sugna, kwenu mnalima nini?"

"Ua la miiba."

"Na shemeji yako anaitwa nani?"

"Kamuulize mkewe."

"Mkewe naye hasemi."

"Basi hana jina, maskini. Mwiteni mnavyotaka."

Tulicheka tukajitwika mitungi. Sikujua kwamba siku moja mwanangu angekaribia kuuzwa kwa sababu ya neno hilo moja.

Nilianguka shambani, wakati wa mavuno. Waridi huchumwa kabla jua halijatoka, na lazima lifike sokoni Ajmer likingali na umande. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa, aliuawa na umeme wa pampu ya maji, kwa hiyo shamba lake nililichuma mimi pamoja na binti yetu, Tija. Nilikuwa nimeinama kwenye mstari wangu. Kichwa kikapasuka kwa ndani, kama mtu amevunja nazi, na ardhi ikaja usoni. Nilimsikia Tija akipiga mayowe. Nilisikia kila kitu. Watu hudhani kiharusi huanza na masikio.

Pikapu ilikuwa kando ya shamba, injini inanguruma. Gulab akaja akasimama juu yangu. Niliona viatu vyake tu.

"Baba Mkubwa, tumpeleke hospitali," Tija alisema. "Tumpeleke sasa hivi."

"Maua yapakiwe kwanza," alisema Gulab. "Yakipigwa na jua yananyauka. Huyu hanyauki."

Wakapakia magunia yote. Mimi nilitupwa juu yake, na Tija akaambiwa abaki nyumbani. Tulikwenda sokoni. Nililala juu ya waridi nikiwasikia wanunuzi wakizozana, na mmoja akauliza, "Huyo mama amelewa?" Gulab akamjibu, "Amechoka." Gunia la mwisho lilipotoka chini yangu ndipo tukaelekea hospitali. Daktari aliuliza kwa nini tumechelewa. Gulab akasema pikapu iliharibika njiani.

Hiyo ndiyo hesabu niliyolala nayo. Nililala nayo kitandani karibu na dirisha, mwili gogo, macho wazi, na sikumsamehe hata siku moja. Watu wakija kunitazama walisema, "Masikini, yuko mahali pema sasa, hasikii." Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Mimi nilikuwepo. Na dirisha langu ndilo pekee lililoshika mtandao vizuri, kwa hiyo Gulab akitaka kupiga simu zake za siri alikuja kusimama pale, kiwiko chake kimeegemea kitanda changu, akaongea mbele yangu kama anavyoongea mtu mbele ya kabati.

Kabati lilikuwa likimsikiliza.

Aliyegundua kwamba nipo ni Tija. Alikuwa akisoma masomo yake kwa sauti kando yangu, akakosea kusoma neno la kitoto kabisa, nami nikapandisha macho juu, kama nilivyokuwa nikifanya zamani.

Akashusha kitabu. "Mama, umenicheka?"

Nikapandisha tena.

Akalia kwanza. Halafu, kwa kuwa ni mwanangu, akapangusa pua akaanza kazi. Alizitaja herufi moja moja, nami nilipandisha macho kwenye ile niliyoitaka. Neno langu la kwanza halikuwa "mwanangu." Lilikuwa "pua." Inzi alikuwa amekaa juu yake tangu asubuhi.

Kutokana na herufi za Tija tukafika kwa Nazneen, binti wa Ajmer anayefundisha watu waliokatika sauti. Alikuja na mashine: kioo cha ukubwa wa sahani ya chai, kamera ndogo chini yake, herufi zetu zote zimepangwa. Ninaitazama herufi, ninalituliza jicho, inaingia. Neno likitimia mashine inalisema kwa sauti ya mwanamke wa mjini, sauti ileile inayotangaza treni zilizochelewa. Mara ya kwanza iliposema, "Mavyaa, chumvi imezidi kwenye uji," mavyaa wangu alifunika mdomo kwa mkono akakaa chini.

"Sauti si yake," alisema.

"Lakini maneno ni yake?" Nazneen aliuliza.

"Maneno ni yake kabisa. Hajawahi kuusifu uji wangu."

Kisha kikohozi mlangoni, na ushungi ukashuka, na dunia ikawa nyekundu na nyeusi ya kitambaa.

"Mama," Nazneen alisema, "mashine haimwoni sasa."

"Na itazame pembeni," mavyaa alijibu. "Shemeji yake yupo."

Gulab hakuhitaji kunipiga wala kunivunjia mashine. Alijifunza tu kuja mara kwa mara. Nikianza sentensi, anakohoa. Alikuwa na sababu zake, nami nilizijua, maana alizisemea dirishani. Alikuwa amemposesha Tija. Picha aliyoileta nyumbani ilikuwa ya kijana mwenye masharubu membamba, na mavyaa akaipenda. Ila kwenye simu nilimsikia akicheka na baba wa mchumba: "Picha ya mdogo, harusi ya mkubwa. Msichana hana baba, nani atauliza?" Yule mkubwa, kaka wa kijana wa pichani, alikuwa amekwisha kufiwa na mke, na ana watoto wanaolingana na Tija. Harusi ingefungwa sikukuu ya Akha Teej, siku ambayo kwetu wanafunga ndoa mpaka watu wasiotaka, kwa kuwa hakuna haja ya kumuuliza mnajimu kama siku ni njema.

Kulikuwa na kizuizi kimoja: mama. Kwa hiyo Gulab alikwenda wilayani kuomba awe mlezi wa Tija, kwa kuwa mama yake hana akili iliyobaki. Wakamtuma afisa aje kuniangalia.

Alikuja Bi Purohit, mwanamke mnene, kwa skuta, helmeti kwapani. Uani kulikuwa kumejaa. Wakaza wana wa jirani walipanda juu ya paa letu kana kwamba wana waridi la kugeuza. Mimi nilitolewa na kitanda changu kibarazani, mashine mbele yangu, ushungi kidevuni.

"Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza Bi Purohit.

"Huyo hapo," alisema Gulab.

"Naona nguo. Mgonjwa yuko wapi?"

Mavyaa akasema kwa upole, "Mwanangu yuko hapa, mheshimiwa. Huyu ni mkaza mwana. Hawezi kukaa uso wazi."

"Nimekuja kutazama macho yake. Ama mwanao atoke, ama kitambaa kitoke."

Nilidhani Gulab angegoma. Hakugoma. "Mama, mfunue," alisema. "Sheria ni sheria. Mimi nitatazama ukutani." Juu ya paa mmoja akasema, "Jamani, mwungwana," na mwingine akamkanyaga mguu. Ushungi ukapanda. Nikamwona Gulab mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu niolewe bila uzi wa kitambaa kati yetu. Hakutazama ukutani.

"Mheshimiwa," alianza, "mashine hii inajimalizia maneno. Hata simu yangu mimi, nikiandika 'mvua' inaniletea 'inanyesha.' Hapo nani amesema, mimi au simu? Na huyu binti wa Ajmer, na huyu mtoto, wanaweza kuwa wamekwisha kuitia maneno."

"Hoja nzuri," alisema Bi Purohit, na haikuwa kejeli. Akamgeukia Nazneen. "Unaweza kuizima hiyo ya kumalizia?"

Nazneen akaizima.

"Sasa wewe na mtoto mkae nje ya lango. Nitamwonyesha kitu, akitaje. Kitu ambacho hamkukijua kabla."

"Niruhusu mimi nikilete," alisema Gulab. "Kitu chepesi tu. Sitaki kumtesa shemeji yangu."

Akaenda pembeni mwa ua, akarudi, akafungua kiganja mbele ya macho yangu. Waridi moja, limechanua nusu, umande bado.

"Shemeji," alisema kwa sauti laini kama siagi, "hiki ni nini? Neno moja tu."

Hapo nikaelewa kwa nini aliniachia uso.

Juu ya paa bangili zikanyamaza. Kila mwanamke pale alielewa. Hakuna hata mmoja aliyeweza kunisaidia, maana wao pia, mbele ya wakubwa, wasingelitamka. Mavyaa angeweza, yeye ndiye aliyempa mwanawe jina hilo. Alifumbua mdomo. Akamtazama mwanawe, akaufumba.

Macho yangu yakaenda yenyewe yalikozoea. Mazoea yana miguu yake. Mashine ikasema, "Ua. La."

"Ua la nini?" aliuliza Bi Purohit.

Ningesema "miiba," naye mtu wa mjini angesema ndimu nayo ina ua na miiba, kikwata nacho kina ua na miiba. Gulab alikwisha kuliona hilo kwenye uso wa Bi Purohit, akasogea.

"Unaona, mheshimiwa? Mtoto anayetambaa katika nyumba hii anajua jina la ua hili. Huyu anaishi ndani yake na hawezi kulisema. Akili imekwisha. Ni jambo la kusikitisha."

Bi Purohit akatoa kalamu.

Nikafikiri. Kufikiri ndiyo kazi niliyoifanya zaidi ya mtu yeyote nyumbani mle. Wanasema ukitaja jina la shemeji mkubwa unampunguzia maisha. Nilikuwa nimelichukulia hilo kama sababu ya kunyamaza. Nikaligeuza, nikalitazama upande wa pili, nikaona ni sababu nzuri sana ya kusema.

Nikalituliza jicho kwenye herufi ya kwanza.

"Gulab," ilisema mashine.

Nazneen alikuwa ameipandisha sauti ili isikike uani. Ilisikika mpaka barabarani. Juu ya paa mtu alisema "Hee," taratibu, kama anayevuta pumzi ya moto.

"Sahihi," alisema Bi Purohit, akaandika.

"Gulab," nikasema tena.

"Tumekwisha kulipata, mama. Ni waridi, ndiyo."

"Silo ua," niliandika. "Ni yeye."

Gulab akamgeukia mama yake. "Mfunike."

Mavyaa akashika pindo la ushungi. Mkono wake ulikuwa karibu na paji langu. Nilijua sina muda, nami huandika polepole kama konokono mwenye mzigo, herufi moja, herufi nyingine, na uani pote watu wakisubiri neno litimie. Kwetu kuna wewe tatu: ya wakubwa, ya wenzako, na ile tunayomwitia Mungu na mbwa. Nikachukua hiyo ya tatu, na sikukusudia Mungu.

"Wewe Gulab. Ulisema. Maua yapakiwe kwanza. Huyu hanyauki."

Mkono wa mavyaa ukabaki hewani.

"Mama, mfunike, nimesema."

"Uliniambia pikapu iliharibika njiani," alisema mavyaa.

"Mashine inaropoka."

"Alikwenda sokoni juu ya magunia?" Hakuwa ananiuliza mimi, lakini nilijibu.

"Mpaka gunia la mwisho."

Mavyaa akauachia ushungi. Ukaanguka nyuma ya mto, nami nikaendelea. Nilimpa Bi Purohit yote yaliyosemwa dirishani kwangu: picha ya mdogo, harusi ya mkubwa, kicheko, "msichana hana baba, nani atauliza." Gulab alijaribu kuongea juu ya maneno yangu, lakini mwanadamu huishiwa pumzi na sauti ya treni haiishiwi. Bi Purohit akanyanyua kalamu.

"Binti ana umri gani?"

"Kumi na minane," Gulab alisema.

"Kumi na tano," ilisema mashine. "Nilikuwepo akizaliwa. Gulab hakuwepo."

Juu ya paa walicheka, wakaziba vinywa kwa ushungi, wakacheka tena. Bi Purohit akavaa helmeti yake. "Hakuna harusi," alimwambia Gulab, "na hakuna mlezi. Huyu mama ana akili kuliko watu kadhaa niliowapa ulezi. Na nikisikia hiyo harusi imefungwa mahali pengine, nitakuja na polisi."

Mngesema hapo ningeridhika. Tija alirudi shule, nikabaki na sauti yangu. Watu wema wangesema, inatosha, Sugna. Mimi si watu wema. Nilimwomba Nazneen aniwekee kitufe kimoja kikubwa pembeni mwa kioo, cha kutazama mara moja tu, bila kuhangaika na herufi. Akaniuliza nataka kiseme nini: maji? maumivu? Nikamwambia.

Tangu hapo kila Gulab alipokohoa mlangoni, mashine ilimjibu: "Gulab." Akipita uani kwenda kunawa: "Gulab." Akiwa na wageni, akiwa na wanunuzi, akiwa amejifunga kilemba cha harusi ya jirani: "Gulab." Watoto wa mtaa wakajifunza, wakawa wanaliimba wakikimbia. Wakaza wana walianza kuja kunitembelea, wakae kitandani kwangu wajifunze.

"Gu," alisema mmoja, akaangua kicheko. "Siwezi, Sugna. Koo linakataa."

"Sema tamutamu za dukani kwanza."

"Gulab jamun."

"Umeona? Na yuko hai. Kwa bahati mbaya."

Gulab akaacha kupita mlango wangu. Alizunguka kwa nyuma, kwenye zizi la nyati wetu wa kukamuliwa, kama mwizi wa maziwa.

Mpaka leo asubuhi. Leo wamekuja watu wa Nagaur, ndugu wa msichana aliyeposwa na Lokesh, mwana wa Gulab. Maneno yamewafikia huko. Babu wa msichana amesema hampeleki mjukuu wake kwenye nyumba ambayo maua hupakiwa kabla ya watu, ila kama mwenyewe niliyepakiwa nitasema mashine ilikosea. Wamekaa kibarazani. Gari lao limewekwa tayari, pua imeelekea barabarani. Chai imekwisha kumiminwa.

Gulab ameingia bila kukohoa. Mavyaa yuko chini, anachambua dengu.

"Mama, mfunike kwanza, wageni wanaona mlangoni."

"Ushungi wake nimeufua," mavyaa amesema bila kuinua kichwa. "Haujakauka."

Amesimama. Halafu amechuchumaa kando ya kitanda, mahali palepale alipokuwa akiegemeza kiwiko.

"Sugna, dada yangu," amesema. Hajawahi kuniita hivyo. "Lokesh hana kosa. Neno moja tu. Sema mashine ilikosea. Wanaondoka sasa hivi, sasa hivi tu, wakiondoka mtoto ameharibikiwa. Nakuomba. Fanya haraka."

Nimemtazama. Kilemba chake kimepinda. Jasho linamtoka kwenye masharubu. Nimepeleka jicho kwenye herufi ya kwanza, taratibu, naye ameifuata kwa macho kama mtu anayesoma hatima yake, midomo yake ikiitamka kimyakimya.

"Subiri," imesema mashine.

"Nasubiri, dada. Nasubiri."

Kibarazani babu wa Nagaur ametua kikombe chake. Mtu mmoja amesema waondoke, jua linapanda. Nimechagua herufi nyingine, na nyingine. Sikuwa na haraka. Mtu aliyelala juu ya magunia sokoni hujifunza kutokuwa na haraka.

"Maua," imesema mashine. "Yapakiwe. Kwanza."

Kisha nikafumba macho. Mashine haisomi macho yaliyofumbwa. Nimemsikia akiita jina langu, mara ya kwanza kwa sauti, halafu bila sauti, na mavyaa akiendelea kutupa vijiwe vya dengu sakafuni. Sikuyafumbua mpaka niliposikia gari la Nagaur likiwashwa.